FIZIKIA HAIISHII KIDATO CHA NNE
Maelezo kwa wanafunzi wetu na wazazi wao kuhusu njia ya vyuo vya kati



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hapa madrasa tunaona jambo lile lile. Mwenye alama za juu hupongezwa, akaenda kidato cha tano. Wenzake, ambao ndio wengi, huinamisha vichwa. Wengine hatuwaoni tena hata kwenye darsa la jioni. Ukiuliza, utaambiwa yuko Kibirizi anashusha mizigo, au yuko ziwani, au yupo yupo tu nyumbani. Kazi ya halali si aibu hata kidogo. Kinachotuumiza ni pale kijana anapokwambia, "Ustadh, mimi na masomo basi tena. Fizikia si ya watu kama sisi."

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya neno hilo. Tunataka kueleza mambo matatu: Fizikia ni nini hasa, inasomwa wapi na aliyemaliza kidato cha nne bila ya alama kubwa, na mwanafunzi ajiandae vipi tangu sasa.

KISA CHA SIKU YA MAULIDI

Tuanze na kisa kilichotufika wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na maulidi hapa madrasa. Wageni walikuwa wengi. Kwenye ekstensheni moja tulichomeka amplifaya, taa za uani, na birika mbili za umeme kwa ajili ya chai ya wageni. Kabla qasida ya pili haijamalizika, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mmoja wetu akataka kuushika ule waya auchomoe. Kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, akapiga kelele, "Usiguse!" Akakimbilia swichi kubwa akaizima.

Kijana huyo ndiye tuliyekuwa tukimsikitikia kwamba "alifeli". Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa ya chini. Baadaye alikwenda kusoma ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi stadi, na wengi wetu tuliona kuwa kakimbilia huko kwa kukosa pa kwenda. Usiku ule alichukua kipande cha boksi na kalamu akatuonesha hesabu. Kila birika inakula wati 2,000, kwa hiyo mbili ni 4,000. Amplifaya na taa kama wati 400. Jumla 4,400. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Ukigawa 4,400 kwa 230 unapata ampea 19 na kidogo. "Waya huu," akasema, "ni mwembamba, wa kubeba taa na redio tu."

Kisha akatwambia jambo ambalo hatukulijua. Mkondo wa umeme ukizidi mara mbili, joto kwenye waya halizidi mara mbili, bali mara nne. Ukizidi mara tatu, joto linazidi mara tisa. Ndiyo sababu waya unaoonekana mzima kwa miaka unaweza kuwaka kwa usiku mmoja.

Uani siku ile walikuwepo watoto wasiopungua mia. Alhamdulillah, Allah (s.w.) alitukinga, na sababu aliyoijaalia ni elimu ya kijana yule. Elimu ile ndiyo Fizikia, na hakuipata chuo kikuu.

FIZIKIA NI NINI?

Fizikia ni elimu ya kuchunguza namna vitu alivyoviumba Allah vinavyokwenda: uzito, mwendo, joto, sauti, mwanga na umeme. Watu hudhani ni rundo la fomyula. Fomyula ni njia ya mkato ya kuandika jambo ambalo mtu ameliona na kulipima. Hebu tutazame mifano mitatu ya hapa hapa kwetu.

1. Chuma kinachoelea. Wazee wetu wengi wamesafiri na Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa mpaka Kigoma, ambako iliungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiwaachie adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakakuta mitambo inatengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa jiulize: msumari ukiutupa ziwani unazama, vipi meli nzima ya chuma ielee? Jibu ni kuwa kitu huelea kikiweza kusukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake chenyewe. Msumari unasukuma maji kidogo sana kuliko uzito wake. Meli ina tumbo pana lenye hewa ndani, hivyo inasukuma maji mengi. Mtumbwi wenye uzito wa tani 2, pamoja na watu na mizigo, lazima usukume tani 2 za maji, yaani mita za ujazo 2. Ukiongeza mizigo, unazidi kushuka ili usukume maji zaidi. Ukifika mahali ukingo uko sawasawa na maji, wimbi moja dogo linatosha. Kila mzazi wa mwambao huu anajua msiba wa chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Kwetu sisi somo hili ni la uhai na mauti.

2. Taa za dagaa. Usiku wa giza ukisimama Ujiji utaona ziwa limejaa taa kama mji. Dagaa hufuata mwanga, na wavuvi walitumia karabai kwa miaka mingi kabla ya kuja taa za betri na za sola. Kwa nini mbalamwezi ikiwaka uvuvi hupungua? Kwa sababu mwanga wa mwezi umeenea ziwa zima, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya dagaa mahali pamoja. Mwanga wa taa hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukizidi mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa.

Na hapa tukumbushane. Miongoni mwa waliojenga elimu ya mwanga ni Mwislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Kairo karibu na mwaka 1040. Yeye alieleza kwamba tunaona kwa kuwa mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, na si kwamba macho yanatoa miale. Hakutosheka na kusema tu, bali alifanya majaribio kwa taa na chumba cha giza chenye tundu dogo. Kwa hiyo kijana wa madrasa anayesoma Fizikia hajaingia nyumba ya wageni.

3. Yuniti za LUKU. Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, na mwaka 2022 ndipo Kigoma ikaanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Yuniti moja ya LUKU ni sawa na kutumia wati 1,000 kwa saa moja. Ukiwa na taa 10 za kizamani za wati 60, ni wati 600. Ukiziwasha saa 3 kila usiku ni yuniti 1.8. Ukiweka taa za kisasa za wati 9, ni wati 90, na kwa saa 3 ni yuniti 0.27 tu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hii, na ikapunguza matumizi ya nyumba nzima.

WAZEE WETU WALILIJUA HILI

Wapo wanaosema kuwa elimu ya ufundi ni ya walioshindwa. Wazee wa Kiislamu wa Afrika Mashariki hawakuiona hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 palizuka wazo la kujenga chuo Mombasa, mahsusi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima, wapate elimu ya ufundi ambayo walikuwa wameachwa nyuma. Waliochangia ni pamoja na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jumuiya ya Mabohora, pamoja na serikali ya kikoloni. Chuo kikaitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu MIOME, na wanafunzi wa mwanzo waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Tazama jambo hili kwa makini. Jina lilikuwa la elimu ya Kiislamu, na kilichofundishwa kilikuwa umeme, mitambo na ufundi. Wazee wale hawakuona mgongano wowote baina ya hayo mawili.

NJIA ZILIZOPO LEO

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Kijana amemaliza kidato cha nne, hakupata alama za kumpeleka kidato cha tano. Aende wapi?

(a) Vyuo vya VETA. Mkoani kwetu kipo Chuo cha VETA Kigoma. Vyuo hivi hufundisha fani kama umeme wa majumbani, ufundi wa magari na uchomeleaji. Pamoja na kazi ya mikono, mwanafunzi husoma hesabu, michoro na sayansi ya uhandisi. Sayansi hiyo ya uhandisi ni Fizikia ile ile iliyovaa ovaroli: kani, joto, mikondo ya umeme, mashine.

(b) Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hivi vilianzishwa mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili mtu mzima na kijana apate elimu karibu na kwao. Kwetu kipo cha Kasulu. Ni mlango mzuri kwa aliyekaa nje ya masomo kwa muda mrefu.

(c) Vyuo vya ufundi vya stashahada. Kipo Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978. Ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho nacho kilianza kama chuo cha ufundi. Na kwa watoto wa ziwa, kipo Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), kinachofundisha mambo ya vyombo vya majini na mitambo yake. Katika vyuo kama hivi mwanafunzi wa kidato cha nne huanza na astashahada ya awali, kisha astashahada, kisha stashahada. Kwa kawaida ni miaka mitatu. Akifaulu vizuri, anaweza kuomba shahada bila ya kupita kidato cha sita.

(d) Ualimu. Kipo Chuo cha Ualimu Kasulu. Anayeipenda Fizikia na kupenda kufundisha aulize ni masomo gani yanatolewa mwaka husika.

Na kwa atakayefika mbali, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005. Majengo yake yalikuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO kabla ya serikali kuyakabidhi kwa Waislamu. Walikosoma mafundi umeme, leo vinasomwa elimu ya dini na ya dunia.

JAMBO AMBALO WENGI HAWALIJUI

Hapa tunaomba wazazi wasome taratibu. Sifa ya chini ya kuingia astashahada ya awali katika vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) kwa kawaida ni ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yaani alama D nne au zaidi, na masomo hayo yawe yasiyokuwa ya dini.

Maana yake ni nini? Mwanafunzi wetu aliyefaulu vizuri sana Elimu ya Dini ya Kiislamu, akapata na masomo mengine matatu, atajikuta anahesabiwa matatu tu. Hili halipunguzi thamani ya somo la dini mbele ya Allah (s.w.), wala hatusemi liachwe. Tunasema lisiwe ndilo tegemeo la kuingilia chuoni. Aidha, kozi nyingi za uhandisi hutaka miongoni mwa manne hayo wemo Fizikia na Hisabati. Kila mwaka hutolewa mwongozo wa udahili wenye sifa za kila kozi. Usimtegemee mtu wa kijiweni. Usome mwongozo wa mwaka ule unaoomba.

Ndiyo maana tunawasihi wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu: usiiache Fizikia kwa sababu wenzako wameiacha. D ya Fizikia ambayo unaidharau leo inaweza kuwa ndiyo ufunguo wako kesho. Aliyeiacha kabisa hana hata hiyo D. Mtaala nao unabadilika tangu mwaka 2024, hivyo kabla ya kuchagua masomo, muulize mwalimu wako kila chaguo linafungua mlango gani na linafunga upi.

KUSOMA CHUONI KUKOJE?

Tumewauliza vijana wetu waliopita huko, na haya ndiyo waliyotueleza.

Kwanza, lugha. Shule ya msingi mtoto hujifunza kani na joto kwa Kiswahili. Akifika sekondari anakutana na majina ya Kiingereza akadhani ni vitu vipya. Wengi hushindwa na lugha, si na Fizikia. Dawa yake ni daftari dogo: upande mmoja neno la darasani, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe.

Pili, chuoni unashika vitu. Shuleni uliambiwa kuwa waya mrefu una ukinzani mkubwa. Chuoni unapewa mita ukapima, na jibu likikataa unatafuta ulipokosea. Wapo waliotwambia kwamba mwaka wa kwanza walielewa mambo waliyoyakariri miaka minne.

Tatu, hesabu haikimbiliki. Asiyejua kugawa, desimali na kubadili fomyula atapata tabu, hata akiwa na mikono mizuri. Haya yanaweza kurekebishwa nyumbani kwa miezi michache kabla ya chuo kufunguliwa.

Nne, mabinti. Wazazi wengi huogopa kuwapeleka mabinti ufundi. Karakana ina mavazi yake ya kazi, na binti anaweza kuvaa ovaroli pana akajisitiri. Jambo la lazima ni usalama: ncha za mtandio zifungwe na kuingizwa ndani, zisining'inie karibu na mashine inayozunguka. Nyumba zetu zimejaa wanawake na watoto, na mama wa nyumba hupenda fundi wa umeme awe mwanamke mwenziwe. Kazi ipo.

Tano, swala. Mwanafunzi ajipange na ratiba yake. Aliyelelewa madrasa kuamka alfajiri ana mtaji ambao wenzake hawana, maana saa baada ya swala ya Alfajiri ni saa ya kusoma.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, msiseme mbele ya mtoto kwamba chuo cha ufundi ni cha waliofeli. Neno la mzazi hukaa moyoni. La pili, msigombanishe madrasa na masomo ya ziada. Ikiwa saa zinagongana, njooni tuzungumze. Tunaweza kumpangia mtoto muda mwingine wa Qur'an kuliko kumkosesha kimoja kati ya viwili.

ZOEZI KWA WANAFUNZI WOTE

Tunamaliza kwa jaribio ambalo halihitaji maabara wala pesa. Tarehe 28 Mei kila mwaka, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu kabisa ya Makka. Hutokea tena tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. (Katika mwaka mrefu huwa siku moja kabla.) Saa ya Makka na yetu ni moja. Chukua kijiti cha mita 1, kisimamishe wima mahali tambarare, na hakikisha kwa timazi kuwa hakikuinama. Dakika hiyo tia alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chora mstari kutoka kwenye ncha kurudi kwenye shina la kijiti. Upande unaoelekea mstari huo ndio qibla.

Hapa Ujiji kivuli kitakuwa na urefu wa karibu sentimita 53, na mstari wako utaelekea kaskazini, ukiegemea mashariki kwa karibu nyuzi 20. Kalinganishe na mihrabu ya msikiti wa mtaani kwenu, kisha uje na vipimo vyako madrasa. Ukifanya hivyo utakuwa umetumia mwanga, pembe na vipimo, yaani Fizikia, kwa ajili ya ibada yako.

Tunamuomba Allah (s.w.) awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi uwezo wa kuwasomesha, na awajaalie waliokata tamaa warudi katika masomo. Aliyekaa nyumbani tangu matokeo yatoke, tunamwambia: njoo madrasa, njoo na cheti chako kama kilivyo. Tutakaa pamoja tusome mwongozo, tutafute kozi. In shaa Allah mlango utapatikana.

Wabillahi tawfiq.